Kinjeketile na Mashine Isiyoulizika

Utangulizi

Wengi wetu tumeisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tangu sekondari, na wengi tumeihakiki kwa wimbo ule ule: dhamira ni ukombozi, umoja na athari za imani potofu, mgogoro ni kati ya wananchi na Wadachi, basi, alama zimepatikana. Tamthiliya hii ilichapishwa mwaka 1969, na inaelekea tumekubaliana kwamba imeshamaliza kusema iliyokuwa nayo. Mimi sikubaliani. Katika makala hii nitajaribu kuonyesha kwamba inatusaidia sana kufikiri juu ya jambo ambalo mwandishi hakulitaja hata mara moja: mashine zenye akili kuzidi yetu, na jamii itakayoishi chini ya maamuzi ya mashine hizo.

Utasema, huyu kapotea njia. Ngoja kwanza nieleze nilikotokea.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mbeya. Mama yangu anauza mchele Mwanjelwa. Kwa miaka kadhaa amekuwa akikopa fedha kidogo kwa simu kuongezea mtaji, na akirudisha kwa wakati. Safari hii aliomba akajibiwa papo hapo kwamba hajakidhi vigezo. Vigezo gani? Simu haikusema. Tukaenda kwa wakala. Yule kijana akamwamkia vizuri, akabonyeza-bonyeza, kisha akasema, "Mama, siyo mimi. Mfumo ndio umekataa." Mama akamwuliza, "Na huo mfumo, mwanangu, anakaa nani humo nikamwone?" Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mama hakucheka. Wiki ile bei ilikuwa nzuri kule Ubaruku, na yeye akabaki kuangalia wenzake wakipakia magunia.

Nikiwa kwenye basi kurudi Iringa nilikuwa nayarudia maneno yale: mfumo umekataa. Tulipofika Makambako nikagundua nilikoyasikia. Ni maneno ya watu wa Kinjeketile, ila wao walisema maji.

Tamthiliya yenyewe

Hebu tuikumbuke hadithi. Kinjeketile anapagawa na pepo Hongo, anazama mtoni na kutoka na maji ambayo watu wanaamini yatawakinga na risasi. Umoja unapatikana kweli: waliokuwa wakitengana wanakaa pamoja. Lakini katika maneno yaliyotoka kinywani mwake akiwa amepagawa, limo lile la kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said. Akili zinapomrudia na kuambiwa aliyoyasema, anashtuka. Ametoa ahadi ambayo hajui asili yake wala mwisho wake. Anataka watu wasubiri, wajiandae. Nani anasikiliza? Wanaingia vitani kwa jina la Kinjeketile wakati Kinjeketile mwenyewe ana shaka.

Wahakiki wengi hukimbilia swali la kama maji yalifanya kazi au hayakufanya. Hilo ni swali jepesi, jibu lake lipo makaburini. Kwa maoni yangu Hussein anauliza lililo gumu zaidi: jambo likishakuwa kubwa kuliko aliyelianzisha, ni nani atakayeliambia simama, likasimama?

Linganisha na fasihi ya Ulaya. Mary Shelley katika Frankenstein (1818) alituchorea kiumbe kinachomgeuka aliyekiumba. Karel Čapek, kwa tamthiliya yake R.U.R. ya mwaka 1920, aliipa dunia neno roboti, na roboti wake nao wanaasi. Wanasayansi nao wamelizungumza hilo. Mwaka 1965 mwanahisabati I. J. Good aliandika kwamba mashine itakayomzidi binadamu katika kazi zote za akili itaweza kubuni mashine bora kuliko yenyewe, na kwa hiyo itakuwa uvumbuzi wa mwisho binadamu anaohitaji kuufanya, ilimradi tu iwe tulivu kiasi cha kutueleza namna ya kuidhibiti. Mwaka 2014 Nick Bostrom alitoa kitabu kizima, Superintelligence, juu ya ugumu wa sharti hilo. Mwaka 2023 Geoffrey Hinton, mmoja wa waanzilishi wa akili unde ya leo, aliacha kazi Google ili aseme kwa uhuru juu ya hatari zake. Siyo hofu ya kupuuzwa.

Lakini tazama: swali la wote hao ni moja, mashine itatii au itaasi? Sasa rudi kwa Hussein. Maji hayakuasi. Maji hayakusema neno. Waliosema ni watu, kila mmoja kwa niaba ya maji, mpaka ikawa mwenye shaka ni msaliti. Utawala wa namna hii hauhitaji kiumbe cha chuma chenye macho mekundu. Unahitaji kitu kinachoaminiwa kuwa kinajua kuliko sisi, na watu wa katikati wanaosema "siyo mimi".

Nyanda za Juu, 1905

Nimeisoma tamthiliya hii nikiwa Iringa, na mahali pana lake la kusema. Jukwaa la Hussein liko Rufiji, lakini maji yalisafiri mpaka huku kwetu. Septemba 1905 sehemu ya Wabena walioyapokea walishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe, wilaya ambayo ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012. Majirani zao Wahehe hawakujiunga. Kwa nini? Si kwamba waliwapenda Wadachi. Mwaka 1891 pale Lugalo jeshi la Mkwawa lilikiangamiza kikosi cha Zelewski na kuchukua bunduki na mizinga yake. Lakini mwaka 1894 ngome ya Kalenga, pamoja na ukuta wake wa mawe, ilianguka kwa mizinga, na mwaka 1898 Mkwawa akajiua asikamatwe. Ahadi ya maji ilipofika miaka saba baadaye, ilikutana na watu waliokuwa bado wanakumbuka mashine ya Mdachi inafanya nini.

Hapa mwenzangu mmoja kwenye semina alinikatiza: "Kwa hiyo shujaa ni aliyekataa?" Hapana, bwana, si rahisi hivyo. Baadhi ya Wahehe walitumika upande wa Wadachi kuzima vita vile, na njaa iliyofuata haikuchagua aliyeamini na asiyeamini. Ninachosema ni kidogo zaidi. Kumbukumbu ilikuwa kipimo chao. Waliweza kuliweka neno jipya kando ya jambo walilolijua, wakauliza. Jamii iliyoachia kumbukumbu zake zitunzwe na mashine hiyo hiyo inayoiamulia itapimia wapi?

Pingamizi

Mwenzangu yule alikuwa na hoja nyingine, na ni nzito. Maji yalikuwa uongo, alisema, lakini mashine hizi zinafanya kazi. Zinatambua ugonjwa wa mhogo kwa picha ya simu, zinasoma picha za mapafu. Na ikiwa kesho itakuwepo mashine yenye akili kuliko maprofesa wetu wote, ikaamua nani apate mbolea ya ruzuku Mbozi na nani alazwe kwanza hospitalini, na ikawa sahihi kila mara, malalamiko yako yako wapi?

Nakiri hoja hii ilininyima usingizi. Nikairudia sehemu ya mwisho ya tamthiliya, gerezani. Wadachi wanamtaka Kinjeketile atangaze kwamba maji ni uongo. Anakataa, ingawa anajua yalivyowaua watu. Anakataa kwa sababu ndani ya neno lile mlikuwa na ukweli: watu waliungana, na vizazi vijavyo vitalihitaji neno hilo. Kwa hiyo Hussein hakuandika hadithi ya uongo dhidi ya ukweli. Aliandika juu ya jambo lililokuwa na ukweli ndani yake na bado likaangamiza, kwa kuwa wakati wa kuuliza ulipita kabla watu hawajauliza.

Hilo ndilo jibu langu. Mashine ikiwa sahihi, bado mtu aliyezoea kupewa maamuzi asiyoweza kuyahoji hupungukiwa kitu. Mkulima wa Mbozi asiyejua kwa nini kanyimwa mbolea hawezi kujirekebisha, hawezi kushindana kwa hoja, hawezi hata kukasirika na mtu. Anajifunza kungoja tu. Jamii ya wangojaji, hata wakiwa wameshiba, si jamii huru. Na siku mashine itakapokosea, nani atajua? Waliokuwa wanajua namna ya kuuliza watakuwa wameshasahau.

Hitimisho

Sisemi tuvunje simu. Mama mwenyewe hataki; simu ndiyo imemjengea biashara. Katama Mkangi katika riwaya ya Walenisi (1995) anamweka mtu aliyehukumiwa kifo ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kumwua, naye anajifunza kukiendesha na kufika mahali pengine kabisa. Hilo nalo ni somo: anayejua usukani uko wapi hajawa mzigo bado. Nchi yetu nayo imeanza kuuliza usukani uko wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi mzito unaomhusu usifanywe na mashine peke yake. Nilimsomea mama. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hiyo haki inadaiwa dirisha gani. Sikuwa na jibu.

Basi naomba tuiondoe Kinjeketile kwenye kabati la maswali ya mtihani. Kazi ya mhakiki si kutuambia tu kwamba Wamatumbi wa 1905 waliamini kupita kiasi. Ni kutuonyesha pale walipoacha kuuliza, ili tujue sisi tumefika wapi. Anayeona nimepotoka ajibu katika toleo lijalo. Swali la mama bado linasubiri: humo ndani anakaa nani, tukamwone?