Heko Wasomaji wa Vibati

Heko kwa mafundi wa gia boksi za otomatiki wa Mjimwema, hasa wale wasioshika spana kabla ya kufungua boneti na kusoma kibati cha gari. Gia boksi ni ya aina gani? Jibu liko hapo. IST ya toleo la kwanza mara nyingi huandikwa U340E: gia nne, oili ya T-IV. Vitz ya lita moja ya toleo la 2005 huandikwa K410, nayo ni CVT, haina gia za hatua. Mkanda wa chuma hupanda na kushuka kwenye pulei mbili, na hutaka oili ya CVT. Wakosee oili, mkanda uanze kuteleza, halafu uende Njombe na vilima vyote vile!

Oili ya IST huipima ikiwa moto, injini ikiunguruma, mkono wa gia umepitishwa kote na kurudishwa P. Wakifungua sampo hutazama sumaku: unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, vipande ni habari nyingine. Wapo wanaodai oili zote ni moja, na bei yao ni nafuu kweli. Fundi ninayemsifu hukukabidhi kopo tupu ulisome mwenyewe.