Mtaa Wetu wa Wasanii Uko Wapi?

Mhadhiri mmoja alitwambia eti Tanzania haijapata kuwa na mtaa wa wasanii mfano wa Montmartre kule Paris. Mimi mtoto wa Mtwara nilinyamaza, ila moyoni nilikataa. Mtaa huo tunao, na waliouanzisha wengi ni watu wa kwetu kusini. Tatizo ni kwamba waliujengea Dar es Salaam.

Tutazame ushahidi. Miaka ya 1950 Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wakatafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Wenye tezo na patasi zao wakafika Dar, wakachonga mpingo kandokando ya barabara. Baadaye wengi wakakusanyika Mwenge. Naye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 huko Oysterbay, uzunguni pa enzi za ukoloni. Alitumia silingibodi na rangi ya baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Wafuasi wake hawakutawanyika. Mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Sasa wahakiki wanasema: hiyo ni sanaa ya watalii, kila mtu anamwiga mwenzake. Kweli bwana, ukipita pale utakuta tembo yule yule mara ishirini. Lakini kwani mwimbaji wa ngoma hajifunzi kwa kuitikia? Paris husimuliwa kama uasi wa msanii mmoja mmoja. Hawa wetu walikimbia shida, wakabebana: wanafunzi wa mwanzo wa Tingatinga walikuwa jamaa zake. Kigezo cha msanii pekee hakiwezi kuupima mtaa wa namna hii.

Je, soko liliua ubunifu? La hasha. Sanamu za mashetani zilishamiri katika soko hilohilo la wageni. George Lilanga, Mmakonde mchongaji, alifika Nyumba ya Sanaa miaka ya 1970, akawahamisha mashetani hao kutoka kwenye mti hadi kwenye rangi. Huo si uigaji, ni mazungumzo ya mtaani.

Linaloniuma ni kwamba kusini tulitoa watu, sifa ikabaki Dar, na uhakiki ukabaki Paris. Tusipoiandika historia hii wenyewe, tutaendelea kuwatafuta wasanii ng'ambo na hali wako Mwenge, vumbi la mpingo limewajaa mikononi.