Safari ya Mfalme Mweusi

Singapore ikifika saa kumi na moja jioni, Ruanda ni saa sita mchana. Nasema Ruanda yetu, kata ya wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, kwenye kahawa na mahindi, si nchi jirani. Tofauti hiyo ya saa tano ndiyo iliyonipangia mchana wangu mwishoni mwa mwaka 2024. Kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 12 Desemba, Ding Liren wa China na Gukesh Dommaraju wa India walikaa ndani ya chumba cha vioo kisiwani Sentosa, Singapore, wakigombea ubingwa wa dunia wa chesi, ile sataranji ya wazee wa pwani. Mchezo ulianza saa ile ile watu wa huku wanaporudi kutoka shambani kutafuta chakula. Kahawa ilishavunwa, mvua zilishaanza, na kazi kubwa ilikuwa kupanda mahindi. Mvua ikishika, watu hukimbilia barazani, na barazani pana drafti.

Mpambano ulikuwa wa michezo 14 na mfuko wa zawadi wa dola milioni 2.5. Ding alikuwa bingwa tangu Aprili 2023, lakini baada ya kutwaa taji aliandamwa na maradhi ya msongo na kiwango chake kikashuka mbele ya macho ya dunia. Gukesh alikuwa na miaka 18. Karibu kila mtu alidhani kijana atamaliza kazi mapema. Mchezo wa kwanza ukamkuta: alianza na kete nyeupe, akafungwa. Mchezo wa tatu akarudisha, tarehe 27 Novemba, siku ambayo sisi tulikuwa kwenye foleni za uchaguzi wa serikali za mitaa. Kisha zikafuata sare saba mfululizo.

Sare saba humfukuza shabiki wa haraka. Kwangu mimi ndizo zilizonifundisha kutazama. Kila mchezaji alipewa dakika 120 za kucheza hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 kwa zilizobaki, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua kuanzia ya 41. Maana yake mtu anaweza kukaa nusu saa nzima akiwaza hatua moja. Video ya watangazaji inakula bando bila huruma, ila ubao mdogo wa simuni unaoonyesha hatua tu hautumii kitu. Mtandao ukikatika na kurudi, mara nyingi unakuta hakuna kilichobadilika isipokuwa saa ya mmoja imepungua.

Pembeni ya ubao huo wa simuni huwa pana kipimo cha kompyuta, mstari wa rangi mbili unaopanda na kushuka kuonyesha nani yuko juu. Nilikizima. Ukikiacha, unaacha kutazama watu wawili unaanza kutazama mstari. Mstari ukishuka unapiga kelele kwamba fulani amekosea, na ukiulizwa kosa ni lipi huna jibu. Badala yake niliweka ubao wa mbao mezani, na kila hatua iliyofika simuni niliicheza kwa mkono. Kisha nikajiuliza kama wao: mwenzangu anataka nini? Jibu langu mara nyingi halikuwa lao, na hapo ndipo raha ilipo, maana dakika kumi baadaye inafika hatua ya kweli na unaona fundi aliona nini ambacho wewe hukukiona.

Mchezo wa 11 Gukesh alishinda baada ya Ding kuteleza kwa hatua moja ya malkia. Kesho yake, tarehe 9 Desemba, wakati taifa likiadhimisha Uhuru, Ding akajibu kwa mchezo bora kuliko yote ya mpambano mzima. Aliibana kambi ya kijana taratibu, kete baada ya kete, hata nyeusi zikawa hazina pa kusogea, akamaliza kwa hatua 39. Yeyote anayesema Ding alikwenda Singapore kushindwa tu, auangalie mchezo ule kwanza. Pointi zikawa sita kwa sita, mchezo wa 13 ukaisha sare, ukabaki mmoja.

Alhamisi ya tarehe 12 Desemba Ding alikuwa na kete nyeupe. Sare ingewapeleka kwenye michezo ya kasi kesho yake, na wengi waliamini huko Ding ndiye mwenye nguvu. Kwa hiyo alicheza kama mtu anayetaka siku iishe salama. Hatua ya 29 alisukuma askari wake akijua ataliwa, akabadilishana malkia, kisha ngome moja moja, hadi kufikia hatua ya 32 ubao ukawa karibu mtupu: kila mmoja na ngome moja, askofu mmoja wa mraba mweupe, na askari upande wa mfalme, Gukesh watatu, yeye wawili. Askari mmoja wa ziada katika hali hiyo hatoshi. Mafundi wote wanajua kwamba mwenye wawili akitulia, ni sare.

Barazani alikuwepo mzee mmoja, fundi wa drafti ambaye hapa kwetu si rahisi kumfunga. Hajui chesi, lakini macho yake yanajua ubao.

"Hawa si wamelingana?" akauliza.

"Wanakaribia kulingana, mzee. Huyu mweusi amezidi askari mmoja."

"Basi mbona hawaachi?"

Kanuni za mpambano zilikataza kukubaliana sare kabla ya hatua ya 40. Hatua ya 40 ilipita. Gukesh hakutaka sare. Saa yake ilikuwa na muda mwingi kuliko ya Ding, na hakuwa na hatari yoyote ya kupoteza. Mwenye kuteseka alikuwa mmoja tu. Nikamjibu mzee kwamba mweusi anataka mwenzake aendelee kujibu maswali. Akatikisa kichwa, akavuta kigoda karibu.

Kuanzia hapo nilichokuwa nakitazama ni safari ya mfalme. Mwanzoni mwa mchezo wa chesi mfalme hufichwa nyuma ya askari kwa sababu malkia na farasi wa adui wanamwinda. Kete zikipungua anageuka kuwa mpiganaji, na kumtoa kwa wakati wake ni ufundi wa peke yake. Mfalme wa Gukesh alipanda g7, yaani safu ya g, mstari wa saba, kwenye hatua ya 34. Hatua ya 40 akawa h6. Ya 44, g5. Katikati ya safari askari wa g alisogea hadi g4, wa f hadi f5, kisha wa g akaliwa na wa h akala na kushika nafasi yake pale g4. Hatua ya 49 mfalme akarudi f6. Ngome ya Ding ikampigia shahi, akarudi g5. Kisha f6 tena. Asiyejua angesema anazunguka tu. Lakini kila mzunguko ulikuwa swali jipya: ngome yako utaiweka wapi sasa? Askofu wako je? Mwenye kujilinda alipaswa kupata jibu sahihi kila mara, dakika zake zikiyeyuka, baada ya siku 18 za kazi hiyo hiyo.

Hatua ya 53 Ding alimpeleka askofu wake a8, kwenye kona kabisa. Haikuwa hatua mbaya. Askofu akiwa kona anakagua mstari mrefu wa mshazari kutoka mwisho mmoja wa ubao hadi mwingine, na yuko mbali na vurugu. Ila kona ina njia moja tu. Angekuwa b7, mraba mmoja pembeni, angeweza kukimbilia a6 au c8. Akiwa a8, mshazari ule mmoja ndio dunia yake yote.

Hatua ya 54 mfalme mweusi akaingia e5. Nilimsogeza kwa kidole bila kufikiri mara mbili. Ilionekana hatua ya kawaida ya kukaribia katikati. Kumbe kuanzia sekunde ile mraba wa d5 ulikuwa na mlinzi.

Ikaja hatua ya 55. Ngome ya Ding, iliyokuwa f4, ikarudi f2 ikitaka kubadilishana na ngome ya Gukesh. Mawazo yake yanaeleweka: kete zikipungua, sare inakaribia. Ngome ile ingekwenda pembeni kwenye mstari wake wa nne, mchezo ungeendelea kuwa sare. Gukesh mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuliona kosa papo hapo. Alikuwa karibu kusogeza ngome yake kwingine. Kisha akaona. Picha za chumba kile zinamwonyesha akinywa maji, akijaribu kuutuliza uso wake.

Akaila ngome. Mfalme wa Ding akaila ya kwake. Kisha askofu mweusi akasogea d5, uso kwa uso na askofu wa kona.

"Halazimiki kula?" mzee akauliza. Kwenye drafti kula ni lazima, hakuna hiari.

"Halazimiki, mzee. Lakini asipokula analiwa, na hana pa kukimbilia."

Mzee akafuata kwa kidole mshazari kutoka a8, mraba kwa mraba, hadi d5. Akaona mwenyewe kwamba kila mraba wa njia ile unatazamwa na askofu mweusi. Akaona pia kwamba ukimla askofu huyo, mfalme aliyeko e5 anamla mlaji. Mfalme angekuwa bado f6, mraba wa d5 usingekuwa na wa kuulinda na hila yote isingekuwepo. Safari ndefu ya mizunguko ilikuwa imemleta mahali pamoja tu penye maana.

Wakabadilishana maaskofu. Wakabaki wafalme wawili, askari wawili weusi, mmoja mweupe. Ding akasogea e3, Gukesh akasimama e5, mraba mmoja katikati yao, na zamu ni ya mweupe. Katika hali hiyo zamu ni mzigo: anayelazimika kusogea ndiye anayeachia njia. Ding akanyoosha mkono. Ilikuwa hatua ya 58, huku kwetu karibu saa kumi jioni. Pointi 7.5 kwa 6.5. Garry Kasparov alikuwa na miaka 22 alipotwaa taji mwaka 1985, na hakuna bingwa asiyepingwa aliyekuwa mdogo zaidi yake hadi jioni ile.

Wengi walisema, na bingwa wa zamani Vladimir Kramnik akasema kwa ukali kuliko wengine, kwamba ni aibu taji la dunia kuamuliwa kwa kosa la kitoto. Siafiki hata kidogo. Anayeanza kutazama hatua ya 55 ataona kosa tu. Aliyekaa tangu hatua ya 32 aliona jinsi kosa linavyotengenezwa na anayelisubiri, bila kulazimisha, bila kuhatarisha alichonacho. Kumpa mtu maswali ishirini mepesi mfululizo hadi moja limponyoke ni ufundi, na mafundi wa mwisho wa mchezo wameishi kwa ufundi huo miaka yote. Ding naye simdharau. Alilinda vizuri kwa zaidi ya hatua ishirini na akaponyokwa na moja.

Kitu kingine kilichonigusa kilikuja baada ya mpinzani kusalimu amri. Gukesh alibaki kitini akilia, na huku machozi yakimtoka akaanza kuzirudisha kete zote mahali pake pa mwanzo, moja moja, zimenyooka. Kijana huyu mwaka 2013, akiwa na miaka saba, alikuwa mtazamaji jukwaani kwao Chennai, Viswanathan Anand alipokuwa akivuliwa taji na Magnus Carlsen ndani ya chumba cha vioo kama hicho. Alianza kama sisi, kwa kutazama.

Wala si mambo ya Wahindi na Wachina tu. Ukitoka Ruanda ukashuka Tunduma na kuvuka mpaka, uko Nakonde, Zambia. Nchi hiyo ndiyo iliyomtoa Amon Simutowe, kijana wa Ndola, Mwafrika wa kwanza kusini mwa Sahara kufikia hadhi ya juu kabisa ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, yaani grandmasta, mwaka 2009. Uganda, Robert Katende alifundisha chesi watoto wa mtaa wa Katwe, na Phiona Mutesi akatoka huko hadi kuiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiadi ya chesi. Vibaraza vyetu vimejaa watu wenye macho kama ya mzee yule. Wanachokosa ni seti ya kete na mtu wa kuwaonyesha farasi anarukaje.

Hatua zote 58 za mchezo ule zimehifadhiwa na mtu yeyote anaweza kuzipata bure kwa simu. Wewe mwalimu mwenye ubao shuleni, au kijana mwenye simu na mchana wa mvua, zitafute. Zima kipimo cha kompyuta, panga kete, anza pale hatua ya 32, na kabla ya kila hatua ya mweusi jiulize wewe ungecheza nini. Ukifika ya 54, usiharakishe.