Nyundo za Kamukunji

Pale Kamukunji, Nairobi, nyundo huanza kulia mapema. Fuawe ni kipande cha reli kuukuu. Bati hutoka kwenye pipa lililokwisha kazi. Fundi wa jua kali akichoka kukunja ukingo wa karai kwa mkono, hujiundia mashine yake: rola mbili, mpini, springi ya gari. Huijaribu, ikavunjika, akaichomelea upya. Ikishakubali tu, jirani anaiga, tena anauza kwa bei ya chini. Hapo hataza ingemfaa: haki ya miaka 20 ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wake, mradi aombe kabla siri haijazagaa. Ila nani atamchorea michoro na kumwandikia madai yake? Sisi wanunuzi tunaomba tupunguziwe shilingi 50, tunabeba karai, hatuulizi lilikunjwa na nini.