Tunatafuta revi, au tunatafuta msomaji?



Kila mara mtu akiandika mu grupu letu kwamba amemaliza memwari na anataka kutoa makala, swali la kwanza linakuwa lile lile: "Revi gani inakubali haraka?" La pili: "Wanalipisha ngapi?" Sijaona hata siku moja mtu akiuliza: "Nani atasoma?" Leo nataka kukosoa hiyo tabia yetu, na mimi mwenyewe nimo ndani. Nitaanza na mfano wa nyumbani, juu wengi wetu hatujui kwamba Kasongo iko na jina kubwa mu majarida ya sayansi ya dunia.

Mu miaka ya 1970, waganga wa hapa pamoja na wenzao wa Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, walijenga hapa mpango wa vituo vya afya vijijini na hospitali ya kuvisaidia. Ndiyo ile iliyoitwa Mradi wa Kasongo. Hawakuishia kutibu. Walihesabu, walipima, waliandika, na walitoa kazi yao kwa jina moja la pamoja: Timu ya Mradi wa Kasongo. Uzoefu wa Kasongo ni mmoja kati ya ule uliosaidia nchi kufikia mpango wa maeneo ya afya ambao tuko nao mpaka leo.

Angalia sasa namna walivyochagua majarida. Aprili 1981, makala yao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 mpaka 35 ilitoka mu The Lancet, London. Makala ile ilikuwa fupi, kurasa nne tu, na swali lake lilikuwa kali: chanjo inapunguza vifo, lakini je, faida ile inabaki mtoto akiendelea kukua, au watoto dhaifu waliookolewa na surua wanakufa baadaye kwa ugonjwa mwingine? Swali kama lile lilihusu kila nchi iliyokuwa inachanja, ndiyo maana walilipeleka pale ambapo wapinzani wangeliona. Na kweli waliliona. Mwaka ule ule Peter Aaby, aliyekuwa anafanya utafiti Guinea-Bissau, aliandika barua kwenye jarida lile lile juu ya jambo hilo. Mu 1995 yeye na wenzake walitoa makala mu BMJ, wakapitia upya tafiti za nchi mbalimbali, Zaire ikiwa ndani, na wakasema kinyume: chanjo ya surua inaokoa watoto zaidi ya wale ambao surua yenyewe ingewaua. Miaka 14 ya mabishano, na hesabu za watoto wa kwetu ziko katikati yake. Faida ya jarida zuri ni hiyo: linakupatia mtu wa kukujibu. Heshima peke yake haitoshi.

Lakini hawakupeleka kila kitu London. Maelezo marefu ya namna ya kupanga vituo, wauguzi na hospitali, yale mambo ya kazi ya kila siku, waliyatoa mwaka ule ule wa 1981 mu toleo la nyongeza la Annales ya Chama cha Ubelgiji cha Tiba ya Tropiki, ambako kulikuwa na nafasi ya kurasa nyingi na wasomaji wanaofanya kazi kama yao. Kipimo cha mwili wa mtoto na hatari ya kufa kilienda mu jarida la watoto wa nchi za joto, 1983. Makala mbili juu ya watoto ambao ukuaji wao unapungua kasi, pamoja na maana yake kwa kazi ya kupima uzito, zilienda mu Bulletin ya OMS, 1986. Timu moja, zone moja, milango minne. Kila mlango ulikuwa na msomaji wake: mwenye kubishana, mwenye kupanga kazi, daktari wa watoto, mwenye kuamua sera.

Hapo nawasifu. Sasa niwakosoe.

Milango ile minne yote inafunguka nje. Ukitafuta leo makala ya Lancet kwa telefone yako hapa Kasongo, unakutana na ukuta wa malipo. Ile ya Bulletin ya 1986 iko bure. Niliipakua usiku, wakati konekshoni ilikuwa nzuri. Kumbe jarida lenye jina dogo zaidi kwa wengi wetu ndilo lililotufikia. Tena, jina la pamoja ni jambo zuri, linaonyesha kwamba kazi ni ya wengi. Lakini muuguzi aliyebeba mizani kijiji kwa kijiji hawezi kuonyesha mjukuu wake jina lake chini ya kichwa cha makala. Mama aliyekubali mtoto wake apimwe, je, alirudishiwa nini kwa lugha anayosikia? Ndugu zangu, hiyo siwalaumu wao peke yao. Nauliza juu yetu pia, maana sisi ndio tuliozaliwa hapa na hatujafanya zaidi.

Turudi basi kwetu. Barua zinaingia kila wiki: "Profesa mpendwa, tumesoma kazi yako yenye thamani, tutumie makala mu siku tatu." Wewe si profesa, na kazi yako hawakuisoma. Najua juu nililipa dola 100 kwa revi moja ya namna hiyo. Walinikubali mu siku nne, hakuna mtu aliyesoma, hata jina la Kabambare walilikosea na kosa likatoka vile vile. Nilipopeleka faili yangu, mkubwa mmoja aliangalia tu na kuuliza: "Nani alikukosoa?" Nilikosa jibu. Mwaka uliofuata tovuti ile ilizimika. Makala yangu haiko popote, na siwezi kuipeleka pengine bila maelezo ya aibu.

Usifikiri ni wajinga tu wanaonaswa. Mu 2013 John Bohannon alitengeneza makala ya uongo yenye makosa ya wazi, akaituma kwa majarida 304 ya mtandaoni. 157 yaliikubali, na matokeo yalitoka mu Science. Mwandishi wa uongo alipewa jina la kubuni lililofanana na la Kiafrika, na chuo ambacho hakipo, Asmara. Nilipoisoma niliumia mara mbili. Kwanza juu ya majarida. Pili juu ya lile jina: mtu akitaka kujifanya mtafiti asiyejulikana, anajifanya mmoja wetu. Ukitoa kazi yako mu revi ya uongo, unasaidia dharau hiyo kuendelea.

Lakini sikubali pia wale wanaosema: "Bila jarida la Ulaya hujaandika kitu." Utafiti juu ya bei ya mchele kati ya Kasongo na Kindu, The Lancet itaufanyia nini? Anayeweza kuubishia yuko mu chuo cha Bukavu au Kinshasa. Congo-Afrique ya CEPAS Kinshasa inasomwa na watu wanaopanga mambo ya nchi. Cahiers du CERUKI ya ISP Bukavu iko jirani. Na anayechunguza Kiswahili cha kwetu, kile ambacho wengine wanakicheka, aangalie Swahili Forum: iko bure kwa msomaji, na mwandishi halipi kitu.

Basi namna ya kuchagua, naiona hivi. Kabla ya kutafuta jarida, andika majina matatu ya watu ambao kazi yako inabishana nao au inawasaidia. Angalia wao wanaandika wapi. Orodha ya vitabu na makala mwisho wa memwari yako tayari inakuonyesha njia. Kisha soma makala mbili au tatu za jarida lile, siyo ukurasa wa kwanza tu. Je, swali lako lingekaa vizuri kati yake? Angalia wahariri: wapo kweli, wanafundisha wapi? Andikia mmoja. Tafuta jina la jarida mu DOAJ, au mu African Journals Online kama ni la Afrika. Jarida kuwa humo siyo dhamana kamili, lakini ni mwanzo mzuri.

Juu ya feza: kulipa peke yake siyo alama ya uongo, majarida mengi ya kweli yanalipisha, tena mara nyingine dola elfu na zaidi. Lakini wachapishaji wengi wakubwa wanasamehe waandishi wa nchi kama Kongo. Uliza kabla ya kutuma, kwa maandishi, usione haya. Na muda: msomaji wa kweli anahitaji wiki, mara nyingi miezi. Anayekukubali mu siku nne hajakusoma, na ukikataliwa na mtu aliyesoma, amekupatia kitu ambacho dola 100 zangu hazikununua.

Mwisho, pendekezo kwa chama chetu. Kila mmoja wetu atakayetoa makala, popote itakapotoka, aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili chetu: niliuliza nini, nilikuta nini, ninyi mfanye nini nacho. Ukurasa ule upite hapa, na kopi iende kwenye kituo cha afya, shule au kijiji ambako alichukua habari zake. Haitahesabiwa mu faili ya kupanda cheo, najua. Lakini wajukuu wetu wasije wakatafuta kazi zetu kama mimi nilivyotafuta ile ya 1981, wakakuta jina la mji wao nyuma ya ukuta wa malipo.

Anayepinga, anipinge hapa chini. Ndiyo msomaji niliyekuwa namtafuta.