Bunduki Zisizohitajika Katika "Draft Morning"

Mnaoijua The Notorious Byrd Brothers hamhitaji kuelekezwa. Upande wa kwanza, wimbo wa nne. Waimbaji wananyamaza, ala zinaendelea zenyewe, kisha milio ya vita inaingia. Milio ile haikupaswa kuwamo, na kwangu ndiyo inayoizuia albamu hii ya Januari 1968 kusimama safu moja na albamu yao ya Fifth Dimension, hata kama wachambuzi wengi wameshaipa taji la kazi bora kuliko zote za The Byrds.

Sikilizeni wimbo ulivyojengwa kabla ya hapo. Ni asubuhi, na kijana aliyeitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam anaamka. Sauti zimeshushwa hadi karibu na mnong'ono. Besi ya Chris Hillman haikai chini kushika mapigo tu, inatembea na kuimba. Hakuna anayelalamika wala kupaza sauti, na hofu yote inatokana na utulivu huo: tunajua kijana anakokwenda, lakini muziki unajizuia kututajia. Huo ndio ufundi wa folki tangu zamani, kumwachia msikilizaji amalizie mwenyewe. Bunduki zinapolia, kazi hiyo anapokonywa. Alichokuwa akikiona kichwani, kikubwa kuliko chochote kinachoweza kunaswa na kipaza sauti, kinaondolewa na mahali pake panawekwa kelele za studio.

Kelele hizo zilitoka kwa Firesign Theatre, kundi la wachekeshaji wa Los Angeles. Sina ugomvi nao, walijua kazi yao. Mchezo wa kusikiliza, kama yao, hauna jukwaa, kwa hiyo mlio lazima useme tuko wapi: mlango, gari, risasi. Wimbo huu ulikuwa umeshatufikisha pale bila mlio wowote. Ni mbinu sahihi iliyohamishiwa mahali pasipo pake, na Gary Usher, aliyekaa kwenye kiti cha prodyuza, ndiye aliyepaswa kusema hapana.

Kwa nini hakusema? Nitarudia ninalolisema kila albamu hii inapotajwa: wimbo ulikuwa wa David Crosby, na Crosby alifukuzwa kwenye kundi Oktoba 1967 wakati ala zimeshaanza kurekodiwa. Mpiga gitaa McGuinn na Hillman waliubakiza. Maneno hawakuyakumbuka yote, wakatunga ya kwao kuziba mapengo, kisha wakajiandika watunzi wenza. Crosby alikasirika, na alikuwa na haki. Ninavyousikia mimi, bunduki nazo ni kiraka cha aina hiyo hiyo. Aliyejua wimbo unaelekea wapi alikuwa ameshatolewa nje, waliobaki wakakosa imani kwamba unajitosheleza, wakauongezea maelezo.

Na tabia hii haikuanzia hapo. Mwaka 1966 walifunga Fifth Dimension kwa wimbo uliojaa ngurumo za ndege ya Lear, ambao hadi leo sijaona faida yake. Mwaka uliofuata, katika "So You Want to Be a Rock 'n' Roll Star", waliweka mayowe ya mashabiki halisi, na pale mayowe yalikuwa na kazi: wimbo unahusu umaarufu unaotengenezwa kiwandani, na hicho ndicho kilio cha wateja wake. Tarumbeta ya Hugh Masekela inapita juu yake kwa ukali unaostahili. Mbinu ikafaulu, nao wakaizidisha katika "Draft Morning": mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sasa rudini kwenye Fifth Dimension hiyo hiyo, kwa "I Come and Stand at Every Door". Maneno ni ya shairi la Nâzım Hikmet, na anayesema ni mtoto aliyekufa Hiroshima. Bomu la atomiki! Kama kuna wimbo ambao ungemshawishi prodyuza aweke mlipuko, ni huo. Hawakuweka. Wanaimba polepole, beti kwa beti, mwendo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, gitaa likivuma chini yake, na hakuna anayemaliza kuusikiliza akiwa alivyokuwa. Au chukueni "Turn! Turn! Turn!" ya 1965, ambayo Pete Seeger aliitoa katika kitabu cha Mhubiri. Vita na amani vimo ndani yake, na gitaa la McGuinn la nyuzi kumi na mbili linatosha kuvibeba vyote viwili. Hao ndio Byrds ninaowadai hapa.

Mengine katika The Notorious Byrd Brothers ni kazi safi: sintesaiza ya Moog imetumiwa kwa kiasi, "Tribal Gathering" inatembea kwa mapigo matano bila kuchechemea, na "Change Is Now" inaunganisha kantri na saikedelia bila mshono kuonekana.

Lakini kinachoniuma zaidi ni wimbo unaofuata mara tu bunduki zikishapita, "Wasn't Born to Follow". Clarence White anapiga gitaa la kantri, halafu katikati kila kitu kinapindishwa na kuzungushwa kwa mbinu za studio. Huko ni kuchezea sauti pia, tena kwa nguvu. Tofauti ni kwamba kinachopindishwa ni gitaa lenyewe, muziki uliokuwapo tayari, na wimbo unatoka upande wa pili ukiwa mpana zaidi. Prodyuza ni Usher huyo huyo.