Kutoa, Kuweka na Kurudi: Uhakiki wa Kiswahili cha Orodha za Simu

Miongoni mwa maandishi yasomwayo kila siku mjini Ifakara, na katika vijiji vya bonde la Kilombero, yapo ambayo wahakiki wa lugha huyapita bila kuyatazama. Nayo ni zile orodha fupi zitokeazo katika kioo cha simu ndogo mtu apigapo nyota, tarakimu kadhaa na reli ili kutuma pesa au kulipa deni. Hayana jina la mtunzi wala jalada. Hata hivyo ni matini kamili, yenye mwanzo, njia panda na mwisho, na msomaji akikosea kuyasoma hulipa kosa lake kwa fedha taslimu.

Umbo la matini haya si geni. Mwaka 1965 Mmarekani Ted Nelson aliyapa jina lake la Kiingereza maandishi yasiyosomwa kwa mfululizo, ambayo msomaji huchagua kiungo na kupelekwa penginepo. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Kansas kilitoa kivinjari kiitwacho Lynx, kionyeshacho maneno matupu bila picha na kiendeshwacho kwa kibodi peke yake. Mshale wa chini na wa juu humpeleka msomaji kutoka kiungo hadi kiungo. Wa kulia humwingiza ndani. Wa kushoto humrudisha alikotoka. Amri nyingine hutolewa kwa herufi: g ni kwenda kwenye anwani, h ni kuomba msaada, q ni kuacha. Herufi hizi ni vichwa vya maneno ya Kiingereza, na kwa Mswahili hazisaidii kumbukumbu hata kidogo. Atazikariri kama akaririvyo alama za barabarani. Lakini Lynx yaweza pia kupangwa ili kila kiungo kipewe namba, na msomaji akaandika namba hiyo badala ya kuhangaika na mishale. Hapo ndipo inapokutana na simu ya mkulima wa mpunga wa Ifakara, maana yeye naye huchagua njia kwa tarakimu, na tarakimu haina kabila.

Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaanza Tanzania chini ya Vodacom. Faida yake kwa bonde la Kilombero haihitaji maelezo marefu. Wakati wa kilimo jamaa nyingi huhamia mashambani, mbali na nyumba zao za kijijini, na mvua za masika zikijaza uwanda wa mto, safari ya nusu siku huwa ya siku nzima. Kabla ya Daraja la Magufuli, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, kuanza kutumika, aliyetaka kuvuka mto kwenda Ulanga kwa gari hakuwa na budi kungoja kivuko. Pesa zilijifunza kuvuka mto kwa urahisi kabla ya watu.

Basi, Kiswahili chake kikoje? Mhakiki mwadilifu ataanza kwa kukumbuka kwamba mwandishi wa orodha hizi hufungwa na kipimo kikali kuliko mizani ya shairi. Ujumbe mmoja wa aina hii hauzidi herufi 182, pamoja na nafasi, nukta na tarakimu zenyewe. Kiswahili, ambacho hupenda kubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, hapa hubanwa mpaka kibaki shina: tuma, toa, lipa, nunua. Amri hizi fupi ni nzuri. Haziringi wala hazibembelezi, na mzee ambaye lugha yake ya kwanza ni Kindamba au Kipogoro huzifahamu mara moja.

Huzifahamu, illa moja. Neno toa ndilo mwiba wa orodha nzima. Katika maisha ya kila siku, atoaye pesa ni yule anayempa mwenziwe: hutolewa sadaka, hutolewa mahari, hutolewa mchango wa msiba. Katika orodha ya simu maana yake ni kinyume kabisa, kwani anayeambiwa atoe ndiye atakayezipokea mkononi. Yaweza kujibiwa kwamba matumizi haya yametoka benki, na ni kweli. Lakini asemaye kwamba ametoa fedha benki hutaja mahali fedha zilipokuwa, na mahali hapo ndipo panapoiweka wazi maana. Orodha imepafuta mahali ili kuokoa herufi chache. Mtu mgeni wa huduma, atakaye kutoa mchango wake wa arusi, akichagua palipoandikwa toa, ataulizwa namba ya wakala. Akiandika namba ya wakala asiye mbele yake na kuthibitisha, pesa zitamfikia mtu asiyemjua. Programu humwonyesha jina kabla ya hatua ya mwisho. Lakini jina ni kinga kwa yule tu aliyekwisha kujua kwamba safari aliyoishika si yake.

Jirani ya toa ni weka, ambalo limetwishwa mizigo miwili. Kuweka pesa ni kuzitia katika akaunti. Kuweka namba ni kuandika tarakimu. Kwa nini isiwe andika? Neno hilo lajulikana na kila mtoto wa shule, na limezidi kwa herufi mbili tu. Ama ile namba ya kumbukumbu idaiwayo wakati wa kulipa, hapo mfasiri alitazama neno la Kiingereza na kulisahau jambo lenyewe. Msomaji akiulizwa kumbukumbu hujiuliza anatakiwa akumbuke nini, na hali namba hiyo imeandikwa juu ya karatasi ya deni aliyoishika. Namba ya bili ingemtosha.

Linabaki suala la kurudi. Katika Lynx mshale wa kushoto una maana moja siku zote, na kwa hiyo msomaji hujipa ujasiri wa kuingia popote. Katika orodha za simu ndogo hakuna kitufe cha namna hiyo. Kurudi kwapatikana pale tu mwandishi alipokumbuka kukuandika, kwa alama aliyoipenda yeye. Tena muda wa mazungumzo una mpaka. Asomaye kwa kusitasita hukatiwa njiani na kuanza upya, na si ajabu mtu kama huyo akaishia kumkabidhi kijana wa kibandani simu yake pamoja na namba yake ya siri. Siri hiyo imevunjwa na ugumu wa kusoma, si na ujinga wa mwenye simu.

Watu wenyewe hawakungoja wataalamu. Ile alama # waliiita reli, kwa kuwa yafanana na vyuma na mataruma yake, na mjini Ifakara, ambako njia ya TAZARA hupita, jina hilo halihitaji mfasiri. Wezi nao wana masikio ya lugha. Ujumbe wao uliovuma nchini, utakao ile hela itumwe kwenye namba hii, nguvu yake yote imo katika neno ile. Kionyeshi hicho hudai kwamba jambo limekwisha kuzungumzwa, na msomaji mwenye deni hujikuta ameshiriki mazungumzo ambayo hayakuwapo. Ni Kiswahili fasaha kuliko cha orodha zilizo nyingi, jambo la kusikitisha.

Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilipitia miswada ya vitabu vya shule kabla ya kuchapwa, na wengi waliilalamikia kwa ukali wake. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina uwezo wa kuzipitia orodha hizi kwa asubuhi moja. Chukua pesa badala ya toa pesa, andika badala ya weka, na sifuri kuwa alama ya kurudi katika kampuni zote na kila hatua: mabadiliko hayo yote yatoshea ndani ya herufi 182, na nafasi hubaki ya kumtajia mkulima jina la mahali alipo katika safari yake.